Ng'ombe Aliyeitwa Mpwapwa

Pale penye kituo cha mafuta, Goba,
kwenye pampu ya tatu ukihesabu kutoka barabarani,
ndipo alipokuwa akilala Mpwapwa.
Simwambii kijana anayenijazia tangi.
Ataniuliza Mpwapwa ni nani, na nikisema ng'ombe
atacheka, akosee chenji.

Alikuja na jina la kule alikonunuliwa,
juu ya lori, katikati ya magunia ya karanga.
Bibi Namkunda alimzunguka mara moja, akambonyeza kiwele,
akasema, "Huyu ana hasira. Hasira ni maziwa."
Hatukujua kama ni methali au ameitunga papo hapo.
Bibi alikuwa na tabia hiyo.

Saa kumi na moja alfajiri.
Koroboi. Maji ya uvuguvugu kwenye kopo la samli.
Mama, sketi ya ofisini mwilini, khanga kuukuu juu yake,
paji la uso limeegemea ubavu wa Mpwapwa
kama mtu anayeomba radhi.
Chwaa, chwaa, ndoo ya bati ikilia kwa sauti nyembamba,
kisha sauti ikinenepa kadiri povu linavyopanda.
"Kamua mpaka tone la mwisho," alisema kila siku,
"mafuta yako mwishoni."
Mimi kazi yangu ilikuwa mkia. Kuushika tu.
Miaka saba ya kuamka gizani kushika mkia!

Jumamosi tulikwenda Ilala kufuata machicha,
mimi na kaka Mbonea, nyuma ya pikapu ya kukodi,
tumekalia mabaki ya shayiri ya kiwanda cha bia,
bado ya moto, yanavuja, yanatulowesha kaptula.
Tulirudi tukinuka kama walevi wawili wadogo.
Kesho yake kanisani, mzee wa zamu alitutazama mara mbili.
Chilewa, mkata majani wetu, aliapa
kwamba jioni hizo Mpwapwa alitembea upande upande.

Shuleni waliniita Samadi.
Niliumia, mpaka ukaja mwaka wa foleni,
wakasimama mlangoni petu na chupa tupu, wale wale,
wakiniita kwa jina langu lote, na la ubatizo.
Niliwapimia. Sikumpunja mtu.
Mmoja nilimpunja kidogo. Anajijua.

Usiku aliozaa, masika yalikuwa yamechachamaa.
Kwato moja ya ndama imetangulia, nyingine imejikunja ndani.
Chilewa akavua shati, akajipaka sabuni mpaka begani.
Mimi nikashika taa, nikafumba macho.
"Ukifumba wewe," akasema, "nakuwa kipofu mimi."
Nikafumbua.
Ndama akaanguka kama furushi la nguo mbichi, kimya.
Bibi akamtia ujani puani.
Chafya ile! Hadi leo mtu akipiga chafya kwenye kikao
natabasamu, wenzangu hawaelewi.

Alikuwa dume. Kwa hiyo aliuzwa.
Hakuna aliyenitajia siku. Nilitoka shule
nikakuta kamba kwenye nguzo, fundo lake halijafunguliwa,
limekatwa.

Mambo yaliondoka vile vile pale, bila kuaga.
Chilewa alikwenda kwao kwa wiki mbili.
Wapimaji wakaja na bikoni za saruji,
wakazisimika kati ya matembele ya Bibi, naye bado yuko hai, anawaangalia.
Ekari ya barabarani ikawa ada yangu ya bweni.
Ile ya bondeni ikawa dawa zake.
Na Mpwapwa? Nilipouliza, Mama alijibu kwamba amezeeka.
Nilikuwa nala nyama wakati nikiuliza.
Sikuuliza tena, wala sikuacha kula.

"Imejaa, bosi," anasema kijana,
anataka kuutoa mpira haraka, foleni ni ndefu nyuma yangu.
"Tikisa kwanza," namwambia.
"Mafuta yako mwishoni."
Ananitazama. Anatikisa.
Matone matatu.